Kitufe Kilichovuka Mpaka

Mke wangu Nesta tulimzika Jumamosi. Jumatatu kampuni ya nafaka ikanipigia simu nirudishe kitufe chao. Si pole, si nini: kitufe.

Alikuwa mtunza ghala Tunduma, mpakani, peke yake kutwa, mlango umefungwa kwa ndani kwa amri ya ofisi. Kwa hiyo walimpa kidude cha kuvaa shingoni, chenye laini ya simu. Ukipata shida unabonyeza, ujumbe unaingia ofisini Vwawa, watu wanakuja. Walikijaribu hukohuko Vwawa, kikalia vizuri, wakapiga makofi. Mtoto yeyote wa Tunduma angewaambia kwamba pale ghalani simu inanasa mtandao wa Zambia na laini ya kwetu inakuwa bubu. Nesta aliwaambia mara mbili. Wakamjibu wataalamu wanashughulikia.

Alhamisi magunia ya mahindi yalimporomokea. Walimkuta jioni.

"Hakuteseka, Baba Lusungu," meneja Eliakim aliniambia msibani, kanishika mkono. "Alikwenda papo hapo."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa usingizi. Binti yetu Lusungu, wa darasa la tatu, nilimwambia hivyohivyo, akaacha kulia.

Basi nikakipeleka kitufe Vwawa, kimezimika. Eliakim akakichomeka kwenye chaji, eti aone kama ni kizima kabla sijasaini kwamba nimekirudisha. Taa ikawaka. Baada ya dakika chache simu yake ya ofisi ikaanza kuingiza ujumbe, mmoja baada ya mwingine. Akataka kuifunika kwa mkono. Nikamnyang'anya.

"Nesta anaomba msaada." Ujumbe kumi na moja, kila mmoja na saa yake ya Alhamisi ile. Wa kwanza saa nne na robo asubuhi. Wa mwisho saa nane kasoro dakika tano.

Saa sita mchana nilikuwa kijiweni nacheza drafti, dakika kumi kwa mguu kutoka ghalani. Nilishinda. Nilicheka mpaka machozi. Mungu anisamehe, maana mimi siwezi kujisamehe.

"Baba Lusungu, hii mitambo..." Eliakim alianza.

"Nyamaza, bwana."

Nikaondoka bila kusaini. Nyumbani Lusungu alinipokea mlangoni, akaniuliza wamesemaje huko ofisini. Nikamjibu kwamba mama hakuteseka. Naona nitamjibu hivyo mpaka nife.