Punje za Pipa la Kati

Kipande cha plastiki kiliachana mkononi mwa mpimaji wa kiwanda kama ganda la kitunguu. Akakata kingine, akakitia kwenye maji ya moto, akangoja dakika zilizoandikwa ukutani, akakitoa. Nacho kikaachana. Cha tatu hakikuhitaji hata ukucha.

Akaviweka vyote vitatu mezani. Plastiki ile ilikuwa ya kufungia maziwa ya unga ya watoto wachanga. Nailoni nje, kuzuia hewa. Polithini ndani, kuziba pakiti kwa moto. Hizo mbili hazishikani asilani, hata ziyeyushwe pamoja, ndiyo maana katikati hupitishwa tabaka jembamba la gundi. Isipokuwepo, plastiki hutoka mashineni ikimeremeta vizuri tu, kisha huachana mbele ya safari. Rola kumi na nane za plastiki hiyo zilikwisha pakiwa garini, na dereva alikuwa akipiga honi uani. Ilibaki saini ya mpimaji.

Na mwenye kujaza pipa la kati, la punje za gundi za kuyeyushwa, alikuwa mjomba wake, aliyemlea na kumfundisha kazi. Alibakiza wiki tatu astaafu.

Alimkuta akifuta mashine.

"Mbona uso umekunjamana, umekula ndimu?"

"Mjomba, jana pipa la kati ulilijaza wewe?"

"Nani mwingine? Hawa wenzako hata pipa la taka hulikosa."

"Ulizihakikisha punje?"

"Niliziuma."

Kiwanda kizima kilijua. Magunia ya gundi na ya polithini yalifanana, na punje zake zote zilikuwa nyeupe kama mchele. Mjomba alikuwa akiuma punje moja, anaamua kwa jinsi ilivyobonyea. Miaka ishirini hakukosea hata siku moja. Lakini miezi miwili iliyopita alitiwa meno ya bandia, na wenzake wakamtania kwamba sasa anatafuna kwa mkopo.

Mpimaji akafungua viganja vyake, kila kimoja na punje zake. "Nichagulie gundi."

Mjomba akatabasamu, akauma. Akauma za upande wa pili. Akarudia za kwanza. Tabasamu likafutika. Akageukia ukutani, akayatoa meno, akajaribu kwa ufizi.

"Zote sawa," alisema, bado amempa mgongo.

Honi ikalia tena.

"Naweza kuandika kwenye fomu kwamba magunia yanafanana," mpimaji alisema polepole. "Ni kweli."

"Ni kweli, mama. Lakini gunia halikulijaza pipa." Akayarudisha meno mahali pake. "Andika yote mawili. La magunia, yasije yakamponza mwingine. Langu, kwa sababu ni langu."

Akatoka kwenda uani kwa mwendo wake uleule. Mpimaji alimsikia akimwambia dereva azime gari, mzigo unashuka. Dereva akalalamika. Rola ya kwanza mjomba aliipokea mwenyewe.

Fomu ilipokuwa imeandikwa, mjomba aliingia chumba cha vipimo, jasho shingoni. Aliisoma hadi mwisho, akaiweka chini.

"Nyie mnazitambuaje?"

"Tunayeyusha chache juu ya nailoni. Zikipoa, tunavuta. Zikishika, ni gundi."

"Nionyeshe. Wiki tatu si haba."

Mpimaji akawasha jiko, akamsogezea kiti. Kipande kilipopoa, mjomba alikishika kwa mikono miwili akavuta, akavuta tena kwa nguvu zake zote. Hakikuachana. Akakaa nacho mkononi muda mrefu.