Kamati ya Wasiodai Nauli

Kamati ya wananchi ya mradi wa utafiti ilikutana kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha kituo cha afya, wanamoweka maboksi ya glavu na mizani mbovu ya watoto. Kulikuwa na meza moja, viti vya plastiki, chupa ya chai na karatasi ya mahudhurio yenye safu nne: jina, simu, umefikaje, sahihi. Chai ilikuwa ya watafiti. Wananchi walikaribishwa endapo ingebaki, na haikuwa na tabia ya kubaki.

Walialikwa wananchi sita. Watano waliisubiri nauli ya mkutano wa kwanza kwa miezi mitatu, kisha wakaona kama ni kuchosha miguu bure, bora waichoshe kwa kwenda sokoni. Akabaki mmoja, fundi cherehani, mjane. Mtaani walimwita Mama Pini kwa sababu aliongea huku pini zimejaa mdomoni, na hakuna aliyewahi kumsikia akikosea neno wala akimeza pini.

Kwenye ukuta watafiti walibandika swali lao: Kwa nini wananchi huchelewa kufika kituo cha afya?

“Mume wangu alifika saa kumi alfajiri,” Mama Pini alisema, kama alivyosema mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. “Akakaa kwenye benchi hapo nje. Saa sita mchana alikuwa bado yupo kwenye benchi, ila shida ya daktari ilikuwa imeshamwisha. Huyu alichelewa wapi?”

“Pole sana, mama,” alisema mkuu wa watafiti. Watu walimwita Bwana Utafiti. Alikuwa mpole, na shati lake lilipigwa pasi hadi mkunjo wa mkono ungeweza kukata mkate.

“Pole nilishapewa, mwanangu, nimejaza kabati. Nataka mbadilishe swali. Ulizeni kwa nini aliyewahi hukalishwa mpaka afe.”

Bwana Utafiti akaeleza bila kuchoka. Swali liliandikwa kwenye ombi la fedha. Wafadhili walitoa fedha kwa swali hilo. Baadaye wakaongeza fungu dogo la kushirikisha wananchi, ndiyo maana wananchi wapo hapa wanashirikishwa.

“Yaani mnaniita nichague kitambaa,” alisema Mama Pini, “na gauni limeshavaliwa.”

Bwana Utafiti alisema huo ni mchango mzuri. Karani wa mradi akauandika.

Mwezi wa nne alikuja mumewe. Alikuwa fundi viatu, na alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Alivaa shati lake la kazi lenye gundi kifuani.

“Viatu vina tope,” mkewe alimwambia.

“Njia mbaya,” alisema.

Karani akampa karatasi. Kwenye safu ya umefikaje mzee aliandika: kwa miguu.

“Nauli unadai, mzee?”

“Ya nini?”

Karani, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akitukanwa kwa ajili ya nauli, alisimama akamvutia kiti.

Fundi viatu alitoa maelezo yake vizuri. Mbele yake walikuwepo wanane. Mlango ulifunguliwa saa tatu. Daktari, ambaye ni mmoja tu, alifika saa saba kwa sababu alikuwa kwenye semina ya utafiti huu huu, ya kufundishwa kwa nini wananchi huchelewa.

“Tumelipokea,” alisema Bwana Utafiti.

Mwezi wa tano fundi viatu alikuja na wenzake. Wote walikuwa wamefia kwenye lile benchi, kwa miaka tofauti, na jumla walikuwa kumi na mmoja. Viti vya plastiki walivikataa. Waliingiza benchi kutoka nje wakalikalia, wakabanana, kila mtu kwa zamu aliyofika nayo.

“We, mimi nilikuwa mbele yako.”

“Hata huku unataka kuwahi? Unawahi nini tena?”

“Sogea, bwana. Adabu haifi.”

Kila mmoja alisema saa aliyofika. Hakuna aliyefika baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Karani aliandika zote.

Mwezi wa sita mkaguzi kutoka kwa wafadhili alikuja na fomu yake. Kulikuwa na kipengele kinachouliza kama mradi umeyashirikisha makundi yaliyo magumu kufikika. Alipita kwenye benchi akiwasalimia, akashika kifundo cha mkono cha mmoja kwa muda, akatazama saa yake, akaandika.

“Miradi mingine inahangaika kuwapata hata walemavu,” alimwambia Bwana Utafiti. “Hongereni.”

Fungu la ushirikishwaji likaongezwa maradufu. Mkutano uliofuata ulikuwa na biskuti. Marehemu hawakuzigusa, kwa hiyo watafiti walizimaliza.

Mwisho wa mwaka ripoti ilitoka, ina jalada linalong’aa. Ilisema wananchi huchelewa, na ikashauri waelimishwe. Chini iliandikwa kuwa matokeo yamethibitishwa na wanajamii kumi na mmoja, na sahihi zao zikaambatanishwa.

Mama Pini alizitema pini zote kiganjani, moja moja, ndipo akamgeukia mumewe.

“Ulitia sahihi?”

“Ya mahudhurio.”

“Ni hiyo hiyo,” karani alisaidia.

Jina la Mama Pini halikuwemo. Alipewa barua ya shukrani, na Bwana Utafiti akamweleza kwa upole kwamba mwanakamati anayedai nauli anasumbua mahesabu, hasa sasa ambapo imeonekana inawezekana bila nauli.

Jioni ile fundi viatu alikwenda kwa mkewe akakaa kando ya cherehani, pale alipozoea.

“Kumi na mmoja!” Mama Pini alisema. “Watu wazima kumi na mmoja mkapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Hata kufa mmekufa, mnaogopa nini tena?”

“Tulisema, mke wangu. Kila mwezi tulisema. Lakini wale watu wanasikiliza vizuri mno. Wanaitikia kwa kichwa. Mtu akiitikiwa kwa kichwa mara nyingi, anaona haya kurudia.”

Mama Pini alimalizia pindo la sare ya shule, akakata uzi kwa meno.

Fedha za awamu ya pili zilikuja kabla ya mvua. Masharti yalitaka kamati iwe na watu kumi na wawili, na nafasi iliyobaki ijazwe na mwanamke. Wiki hiyo presha ya Mama Pini ilipanda mpaka akawa anatunga uzi kwenye sindano mbili wakati sindano ni moja. Akaenda kituoni. Alifika saa kumi alfajiri, akakuta benchi lina watu, akakaa mwishoni.

Saa tatu karani alipita na daftari, akiwatazama waliokaa mmoja baada ya mwingine, hadi akafika kwake.

“Shikamoo, mama. Unajisikiaje?”

“Marahaba. Vibaya.”

“Daktari yupo semina. Kule kwenye kamati kuna nafasi moja ya mwanamke asiyedai nauli.”

Mama Pini alimwelewa. Alimtazama kijana wa watu, kalamu ya wino mfukoni na ya risasi mkononi.

“Nikiingia safari hii,” aliuliza, “swali mtalibadilisha?”

“La awamu ya pili limeshapitishwa, mama.”

Karani aliandika jina lake kwa kalamu ya risasi, inayofutika, kwa sababu alikuwa mtu mwangalifu, akamwomba asogee kidogo, nyuma yake kulikuwa na mgonjwa mwingine anataka kukaa.