Umemwacha Mvuani

Wifi yangu Enesi hajui kubisha hodi. Tangu nimeolewa kwao mpaka leo, naisikia kwanza sauti yake ndani ya nyumba yangu, ndipo nauona uso. Siku hiyo nimetoka sokoni kuuza vitenge, jua la Oktoba limenichoma mpaka utosini, nasukuma mlango namkuta kajaa kwenye kochi, kavua kandambili, anajipepea na kitenge changu kipya. Cha kuuza!

"Tunduma hii mnaishije?" akasema. Hakuna pole ya kazi wala nini. "Joto utadhani mko ndani ya sufuria. Sisi Iyula tunalala na blanketi."

"Si ungebaki huko na blanketi lako."

"Nimetumwa."

"Na ufunguo wangu umeupata wapi?"

"Kwa jirani yako. Nilimwambia hapa ni kwa mdogo wangu, akanipa."

Kwa mdogo wangu! Nyumba nalipia kodi mimi, Tumpale, lakini haya. Mdogo wake huyo ndiye Osea, mume wangu, marehemu. Tulimzika Iyula mwaka jana, pembeni ya kahawa za baba yake. Mwaka ulipotimia, ukoo wakakaa kumaliza msiba na kugawana vitu vyake. Kwao ni hivyo, vitu alivyokuwa akivishika marehemu vinarudi kwa ndugu wa damu. Sikubishana nao. Kaka yao Sadoki alichukua pikipiki, mjomba akachukua makoti, mimi nikaachiwa kitanda na kochi na nikaambiwa nishukuru. Nguo nilizikunja mwenyewe, nikazitia kwenye mabegi, nikawabebea mpaka kwenye gari.

"Mimi sikupata kitu," Enesi akaendelea. "Kikao kimesema ile mashine ya gemu ni yangu. Televisheni baki nayo. Keshokutwa naondoka nayo."

"Gemu la nini wewe? Hata namba ya simu unabonyezewa na mtu."

"Ilikuwa ya mdogo wangu. Nikiiweka juu ya kabati nikawa naiangalia, wewe inakuwasha nini?"

Pikipiki chukueni. Makoti vaeni mpaka yachanike. Ile mashine, thubutu!

Osea alikuwa wakala wa mizigo pale mpakani. Kutwa nzima anafokewa: madereva wanamfokea, wenye mizigo wanamfokea kwa simu, malori yanapiga honi masikioni mwake. Akirudi hata kusema hawezi. Ndipo siku moja akavuka Nakonde, upande wa Zambia, akanunua ile mashine, mtumba, kwa mama mmoja aliyemwambia natotela, asante ya huko, mara nyingi mpaka nikajua kapigwa bei. Wanaume wenzake wananunua hizo ili wacheze mpira na kupigana risasi. Yeye akatafuta gemu moja la ajabu ambalo hakuna adui, hakuna bao, hakuna anayekushinda. Kuna kinyumba kando ya mto, kuna bustani ya mboga na kuku, na kuna mvua. Unapanda, unavua samaki, unakwenda kulala. Basi.

Msimu wa joto, bati likishashiba jua la mchana likaanza kulitema usiku, kitandani hakulaliki. Osea alikuwa anatandika mkeka sakafuni, anavua shati, anaongeza sauti ya ile mvua, ananiita, "Tumpale, njoo upoe." Nilikuwa namcheka. Namwambia mwanamume mzima unamwagilia mchicha wa kwenye televisheni, wakati wangu nje umekauka! Lakini nilikuwa nakwenda. Nalala pale nasikiliza mvua inavyopiga majani, na nakwambia kweli, joto lilikuwa linapungua.

Usiku wa mwisho alikuwa na homa. Nilimwambia twende hospitali, nikambembeleza, nikamgombeza, nikamwambia nitaita bodaboda wakubebe mzobemzobe. Akasema asubuhi. Alikuwa amemkalisha mtu wake wa kwenye gemu juu ya jiwe kando ya mto, kashika fimbo ya ndoano, mvua inanyesha. Kulipokucha tukatoka, na mlangoni akageuka akaniambia, "Usimguse huyo mtu. Nikirudi namalizia samaki wangu."

Hakurudi.

Basi sijamgusa. Lile gemu ukilizima linakumbuka pale pale lilipoachwa, na siku ya huko haibadiliki mpaka mtu wako aende akalale. Kwa hiyo mwaka mzima huko kwake ni jioni ile ile, mvua ile ile, yeye kakaa juu ya jiwe kanipa mgongo. Joto likinizidi nawasha, natandika mkeka, namtazama. Pedi, kile kidude cha kushika mkononi na kubonyeza, iko pembeni ya televisheni pale alipoiweka yeye. Hata vumbi lake nafuta kwa kupuliza.

Sasa huyo ndiye Enesi anataka kumpeleka akakae juu ya kabati.

Jioni hiyo nikawasha kama kawaida. Nisiwashe kwa ajili ya nani, nyumbani kwangu? Enesi akaacha kujipepea. Akakazia macho kioo.

"Huyo nani?"

"Osea."

"Mbona hageuki?"

"Anavua samaki."

"Mbona ananyeshewa?"

"Ni gemu, wifi."

"Naona ni gemu, mimi si kipofu. Nauliza mbona ananyeshewa na nyumba ile pale, mlango wazi?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilijisumbua, lakini nikamweleza yote, mpaka na maneno aliyoyasema mlangoni. Nikamwambia: kula, lala, jipepee na kitenge changu, ila pedi ile usiiguse. Nilidhani labda roho itamlainika, aniachie. Enesi akasema, tena kwa sauti ya chini kabisa, "Ndivyo ulivyomfanya hata alipokuwa hai. Mtu ana homa, wewe umekaa unamtazama mgongo."

Weee! Nilisimama.

"Rudia!"

"Nimesema umesikia. Nyie watu wa kwenu huko Itumba mna roho za mawe. Mdogo wangu angekuwa Iyula, angebebwa usiku ule ule."

"Na wewe dada mtu ulikuwa wapi? Nilikupigia usiku ule, simu imezimwa! Nani alimshika kichwa njia nzima, wewe? Nani alimwosha? Mlikuja na mabegi matupu nyie, mkaondoka na mabegi yamejaa!"

"Usinifokee!"

"Nitakufokea! Toka kwangu!"

"Kwa mdogo wangu sitoki."

Na hakutoka. Tukalala kitanda kimoja, kila mtu kang'ang'ania ukingo wake, jasho linatutoka. Nilimchukia mwanamke yule. Nilimchukia mpaka na namna anavyokoroma.

Siku ya pili sokoni sikuuza kitu. Mteja mmoja aliniuliza kama kitenge hakichuji, nikamjibu akaoshe ajionee, akaenda zake. Roho yote iko nyumbani. Nilikuwa najipangia maneno ya kumwambia: nitampa vitenge, achague anavyotaka, nitampa hata televisheni, ila mashine aniachie. Nikajiona nampigia magoti Enesi, nikasonya. Jua halijazama nikafunga meza nikarudi.

Nikiwa bado nje nikasikia mvua.

Nikasukuma mlango. Enesi kapiga magoti mbele ya televisheni, kilemba kimemvuka, jasho linamchuruzika shingoni, na ile pedi kaishika kwa mikono miwili, juu chini. Kwenye kioo mto upo. Jiwe lipo. Juu ya jiwe hakuna mtu.

Mzigo wa vitenge ulinidondoka.

"Umemfanya nini?"

Nikamrukia, nikamkamata bega.

"Enesi! Umemfanya nini mume wangu?"

"Nimemwingiza ndani!" akapiga kelele, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Mwaka mzima, Tumpale! Mwaka mzima umemwacha mdogo wangu mvuani! Ana homa, amelowa, nyumba iko wazi, na wewe unatandika mkeka unamwangalia! Ni mtu wa aina gani wewe?"

"Alisema asiguswe!"

"Alisema! Wagonjwa wanasema mengi! Angesema asipewe maji ungemnyima?"

Nikamwachia bega.

"Tangu mchana nahangaika naye," akasema, anafuta pua na kiganja. "Katumbukia mtoni. Nikamtoa, katumbukia tena. Kagonga mti. Nikamwingiza kwenye banda la kuku, nikadhani ndiyo nyumba. Vidole vyangu hivi vimezoea kuchuma kahawa, vinajua nini? Lakini nimemfikisha. Kavua buti mwenyewe. Angalia."

Niliangalia. Ndani ya kile kinyumba kuna taa ya dirishani na kitanda, na mtu wa Osea kalala, kafunikwa blanketi mpaka shingoni.

Nilikuwa nimeshanyanyua mkono. Naapa nilikuwa nampiga. Ndugu wangekuja, wangesema yao, ningewajibu. Kitu kilichonizuia si huruma. Ni kwamba mvua ilikatika.

Tulisikia wote wawili. Ile sauti ambayo mwaka mzima haijawahi kunyamaza ila nikiizima mwenyewe, ikanyamaza. Chumba kikawa kimya, tukaanza kusikia bati linavyolia kwa joto na malori yanavyonguruma barabarani. Kioo kikawa cheusi. Nikasema moyoni, amekwisha, sasa amekwisha kweli, na huyu ndiye kammaliza.

Jogoo akawika.

Taratibu kukapambazuka. Majani yanametameta, kuku wanatoka bandani. Mtu wa Osea akaamka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akajinyoosha, akavaa buti zake, akafungua mlango akasimama kizingitini, anatutazama. Mwaka mzima nimeangalia mgongo. Uso wenyewe haufanani naye hata kidogo, macho ni vitone viwili tu, mdomo kakistari. Lakini alikuwa amegeuka. Akawa amesimama pale, kama mtu anayengoja kuambiwa aende wapi.

Nililia. Nililia mbele ya Enesi, ambaye niliapa makaburini hataliona chozi langu tena.

"Sasa anataka nini?" akaninong'oneza.

"Lete hiyo pedi."

Akaivuta kifuani kwake. "Humrudishi mvuani."

"Mvua iko wapi? Huoni kumekucha? Umemwamsha mwenyewe, sasa unataka ashinde na njaa? Lete, lazima ale."

Akanipa. Nilikuwa sijawahi kuishika. Ilikuwa na joto la mikono yake na jasho lake, nikaifuta kwenye sketi yangu mbele ya macho yake makusudi. Nikabonyeza, mtu akaruka. Nikabonyeza tena, akapiga hatua kuelekea kwenye ukuta.

"Mchicha uko kushoto," Enesi akasema.

"Najua mchicha uliko. Usinielekeze kwangu."

Nikamfikisha bustanini. Vidole vyangu vilikuwa vinakosea vitufe, akachuma mchicha kidogo na maua mengi yasiyohusika. Enesi alisogea akakaa kwenye mkeka wangu bila kukaribishwa, akavuta mzigo wangu wa vitenge uliodondoka akauegemea.

"Iyula umeme wenyewe unakatika ovyo," akasema, hanitazami. "Hii mashine ibaki huku. Lakini nitakuwa nakuja."

"Nani kakualika?"

"Leo ulinialika?"

Nilikuwa nahangaika kumpitisha mtu wetu kwenye kijia bila kugonga uzio. Tulipopita kando ya mto, ile fimbo ya ndoano ilikuwa bado imeegemea jiwe, uzi uko majini, na boya linacheza. Enesi akanyoosha kidole.

"Na samaki?"

Nikasimamisha. Jasho lilikuwa linaniingia machoni.

"Huyo alisema atammalizia mwenyewe," nikamwambia. "Huyo tumwache."