Mashine Inayojua Kunyamaza

Mwaka ule wadudu wa kunuka walijaa kwenye mapazia tangu mwezi wa kumi, na pale Yokote, kaskazini mwa Japani, hata mtoto anajua maana yake: theluji itakuja ya kufukia madirisha. Kinue aliwakamata mmoja mmoja kwa karatasi ya gundi, akawatupa nje, wakarudi. Kila walivyorudi ndivyo roho yake ilivyozidi kukaa juu juu.

Theluji yenyewe haikumtisha, maana alizaliwa ndani yake. Aliyemtisha ni mumewe Yasuzo, mzee ambaye daktari alimzibua mshipa wa moyo majira ya kuchipua, lakini kichwa chake kigumu hakuna daktari aliyekiweza. Koleo la kuzolea theluji alikwisha kukatazwa. Na mashine yao ya kurushia theluji ilikuwa imeungua mkanda, imeoza tumbo kwa kutu, na kufa kabisa. Bila mashine, gari la manispaa la kusafisha barabara likipita alfajiri na kusukumia ukuta wa barafu mlangoni pao, Yasuzo angechukua koleo tu. Kinue alimjua.

Basi kabla theluji haijaanguka waliipakia ile maiti ya mashine kwenye kigari chao cha shamba, wakaenda dukani kwa Sugawara, muuza zana za kilimo, mtu mnene mwenye maneno mengi.

"Mimi nataka chuma," Yasuzo alisema hata kabla ya kuvua kofia. "Usinionyeshe plastiki. Nataka mashine ya kunizika."

"Mdomo huo, babu!" Kinue alimkatiza.

"Nimesema nini tena? Mashine ya kunizika ni mashine ya kudumu."

Sugawara alicheka, akawapitisha. Hii kubwa mno, ua wao hautoshi kuigeuza. Ile ndogo inafaa theluji ya unga, si ule ukuta wa alfajiri. Akasimama mbele ya moja nyekundu ya wastani, inayotambaa kwa mikanda ya mpira, yenye mdomo mpana na meno ya kuzunguka. "Mzee, hii ukiitunza wajukuu wataigombania. Vipuri ninavyo hapa hapa. Ikikohoa tu, nipigie, nakuja mwenyewe."

"Inazimazima?" Kinue aliuliza. Hilo ndilo alilotaka kujua, mengine yote aliwaachia wao. "Nataka isiyozima ovyo."

Alikuwa na sababu yake. Asubuhi zote za baridi, miaka na miaka, yeye akiwa jikoni na Yasuzo uani, alimlinda kwa sikio. Mashine ikinguruma, mume mzima. Alikata figili zake za kukaushwa kwa moshi, akakoroga supu, na ule mngurumo ukawa kama mkono wa mtu begani. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Hii haizimi, bibi," Sugawara alisema. "Ngoja niangalie hiyo ya zamani, niwapunguzie bei." Akatoka kwenda kwenye kigari. Aliporudi alikuwa anacheka mpaka tumbo linatikisika, mkononi ana kipande cha kamba ya kufungia matita ya mpunga. "Na wewe mzee umefunga!"

"Nani hajafunga?" Yasuzo alijibu, naye akacheka.

"Umefunga nini?" Kinue aliuliza.

"Klachi, bibi." Sugawara alimwonyesha kwenye ile nyekundu, kipini kirefu chini ya mshikio. "Hii lazima uibane wakati wote. Ukiiachia tu, meno yanasimama, mashine inasimama, injini inazima. Sasa mkono unaganda, pua inatiririka, na kuwasha upya ni kazi. Basi mtu anaifunga kwa kamba anafanya mambo yake. Mji mzima unafunga."

"Kwa hiyo akiiachia, haisimami."

"Haisimami."

"Na akianguka?"

Kicheko cha Sugawara kilikatika. Yasuzo akajitia kukagua meno ya mashine, utadhani yeye ni fundi.

Kinue alimkumbuka jirani yao, marehemu Satake, aliyekutwa amekufa uani kwake majira ya baridi yaliyopita. Mkewe alikuwa ndani anachambua maharage, ametulia tuli, kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma. Ilinguruma mpaka mafuta yakaisha. Msibani mjane yule alirudia neno moja tu, "Lakini niliisikia, lakini niliisikia," na watu wakadhani majonzi yamemchanganya. Kumbe alikuwa anawaeleza. Na yeye Kinue, asubuhi zote zile alizokata figili kwa amani, alikuwa anadanganywa na kipande cha kamba. Hasira ilimpanda, akataka kumpiga mumewe kwa mkoba.

"Sugawara," alisema. "Nimekosea kuuliza. Mimi nataka ile ambayo huyu akinyamaza, nayo inyamaze."

"Ndiyo hii hii, bibi. Msiifunge tu."

Kinue alimpokonya ile kamba, akaitia mfukoni.

"Na pua yangu nitaifuta kwa mkono upi?" Yasuzo alilalamika.

"Iache itiririke!"

Theluji ilikuja kama wadudu walivyosema. Mashine nyekundu ilifanya kazi nzuri, iliutafuna ule ukuta wa alfajiri na kuutema mbali ng'ambo ya mfereji. Lakini Kinue hakuonja raha. Zamani sauti haikukatika, sasa ilikatika kila mara, na kila ikikatika mwiko ulimponyoka, akatoka mbio na buti moja.

"Nafuta pua!" Yasuzo alimpigia kelele. "Pua tu, bibi wee!"

Kesho yake tena. "Nageuza bomba la kutemea theluji! Rudi ndani!" Keshokutwa tena, na safari hii majirani walikuwa wameegemea makoleo yao wanatazama, mmoja akauliza kama mzee amewekewa yaya. Yasuzo aliingia ndani amenuna, hakugusa supu.

"Unanidhalilisha," alisema.

"Afadhali nikudhalilishe kuliko nikuzike."

Yasuzo alikwenda kwenye droo ya jikoni, akaanza kupekua, na Kinue akamwona anatoa ile kamba ya mpunga aliyokuwa ameificha humo. Akajua sasa anakwenda kufunga, na kwamba hana nguvu tena za kugombana naye.

Yasuzo alirudi uani. Mashine ikanguruma. Kisha ikanyamaza, na badala ya kimya Kinue akasikia kengele, ile ya shaba wanayoivaa wakienda mlimani kuchuma uyoga ili dubu awasikie mapema. Alichungulia dirishani. Mzee alikuwa ameifunga kifuani kwa kamba ya mpunga, anaitikisa kwa mkono mmoja na kufuta pua kwa mwingine.

"Umesikia?" alipaza sauti. "Ukiisikia, kaa ndani upike!"

Tangu siku hiyo alikaa ndani akapika. Mashine ikinyamaza, kengele inalia, naye anashusha pumzi. Hofu haikwisha, lakini ilipata mahali pa kukaa.

Asubuhi moja, theluji ikiwa imefika usawa wa dirisha, mashine ilinyamaza. Kinue alisimama na upawa mkononi, akangoja kengele.

Haikulia.

Akajiambia pua. Akajiambia bomba. Lakini miguu ilikwisha kutoka, safari hii bila buti hata moja.

Yasuzo alikuwa chali kwenye barafu, nyuma ya mashine. Alikuwa akiirudisha kinyumenyume akateleza, nayo ikamfuata. Mkanda wa mpira ulikuwa umepanda juu ya pindo la koti lake, katikati ya magoti, ukaishia hapo. Chuma chote kile kilisimama juu yake kimya, kinafuka moshi.

"Bibi," alisema taratibu, kana kwamba anaogopa mashine itamsikia. "Kengele imejaa theluji."

"Moyo? Moyo vipi?"

"Moyo upo. Unapiga kama ngoma." Aliinua viganja vyake viwili, akavitazama. "Niliachia klachi tu. Sikufanya kingine."

Kinue alipiga magoti na soksi zake zilizolowa, akalivuta pindo la koti mpaka likachanika, likatoka. Kisha akaishika ile kengele, akaichokonoa theluji kwa kidole, akaitikisa. Ililia, na hapo ndipo naye akalia.