Mlango wa Choo cha Wakwe

Baba yangu ni seremala, na tangu mama afariki miaka minne iliyopita anaamini vitu viwili tu: mbao kavu na maneno yake mwenyewe. Alipokuja kunitembelea kwa wakwe zangu, miezi mitatu baada ya harusi, alibeba mfuko wa zana, ambao huubeba hata akienda msibani, na begi kubwa tupu.

“Hilo la nini, baba?” nikamuuliza.

“La nguo zako. Nimesikia huyu mama ana mdomo mkali. Nikiona unanyanyaswa, kesho kutwa tunaondoka wote.”

Mimi sikutaka kuondoka. Nilimpenda mume wangu, na nilishaanza kumpenda mama yake. Mdomo anao, kweli. Ni fundi cherehani, na watu huwakata kama anavyokata vitambaa, ila mimi alikuwa hajanigusa. Lakini kumweleza baba hayo ni kumpigia mbuzi gitaa.

Usiku hakula. Alisema amechoka na safari, akaenda kulala. Asubuhi alionja chai kwa uso wa mtu anayemeza dawa, kisha akaanza kukagua nyumba. Mlango wa choo ulikuwa unaburuza sakafu. Baba alifurahi kuuona kuliko alivyofurahi kuniona mimi.

“Nyumba ya watu wazima, mlango wa choo haufungiki!”

Mama mkwe hajamaliza kusema kwamba mwanawe angeushughulikia Jumapili, mlango umeshang’olewa kwenye bawaba, umelazwa uani, umepigwa randa na kupakwa rangi.

“Usiguswe mpaka kesho,” baba akaagiza.

“Na leo je?”

“Leo mvumilie.”

Saa nne alikuwa bado anatueleza ubaya wa bawaba za siku hizi. Ghafla akanyamaza katikati ya neno, akashika tumbo, akanitazama kama mtoto aliyepotea sokoni, halafu akatoka mbio. Choo ni kimoja tu, mwisho wa korido, kinatazamana na sebule. Huyu ni mtu ambaye mbele ya wakwe hata kamasi hapengi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilimtazama mama mkwe nikisubiri acheke. Hakucheka. Alitwaa shuka, akapanda kigoda, akaitundika pale penye fremu ya mlango. Kisha akaniita tusaidiane kuburuta cherehani yake mpaka koridoni. Akakaa akiwa ameipa shuka mgongo, akaanza kukanyaga. Cherehani ile ni ya zamani, ikikimbia husikii hata mawazo yako.

Baba alihara, akatapika, akahara tena. Alipojikokota hadi kwenye kochi, cherehani ilinyamaza. Alipoinuka tu, ilianza. Mama mkwe aliondoka kwenye cherehani pale tu alipokuja na jagi la maji ya sukari na chumvi aliyonielekeza kuyachanganya.

“Kunywa, mkwe. Kijiko kimoja kimoja.”

“Siwezi.”

“Sijakuuliza kama unaweza.”

Akanywa. Tangu nizaliwe sijawahi kuona baba akitii haraka hivyo.

Adhuhuri macho yake yalikuwa yamezama na miguu imekuwa ya baridi. Niliogopa mambo mawili: kwanza asife, maana mama aliondoka kwa homa ya siku mbili tu; na pili, akipona, asije akasema amelishwa sumu kwenye nyumba hii. Begi tupu lilikuwa pale pale, kando ya kochi.

“Saa nane ikifika hajakojoa, tunampeleka zahanati,” mama mkwe alisema. “Wewe endelea na kijiko. Utalia baadaye.”

Mteja mmoja akachungulia mlangoni. “Mama, naona leo una kazi kubwa!”

“Ya haraka,” akamjibu bila kugeuka. “Njoo kesho.”

Saa saba na nusu baba alikojoa. Sikujua kama habari ya namna hiyo inaweza kumtoa mtu machozi. Jioni tumbo lilitulia, akalala fofofo.

Asubuhi nilimkuta ameketi, dhaifu, lakini kiburi kimeanza kumrudia.

“Ni mayai,” akasema akitazama ukuta.

“Mayai gani?”

“Ya kuchemsha. Manne. Niliyanunua stendi, yakashinda na jua mfukoni. Nikayala usiku, kitandani.” Akakohoa. “Sikuwa na uhakika na jiko la humu.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakunikaripia.

“Niletee ile kazi ya huyu mama,” akasema. “Fundi akishona kutwa nzima, nataka nione mkono wake.”

Nilikichukua kitambaa kilichokuwa bado chini ya sindano, nikampa. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa ubao. Kilikuwa na matundu madogo madogo, mistari kwa mistari, imenyooka vizuri. Uzi haukuwepo. Nilirudi kutazama cherehani, na sindano ilikuwa tupu.

“Kutwa nzima,” baba akasema polepole. “Kwa miguu ile ya mtu mzima.”

Kisha akachukua bisibisi, akaenda kufunga mlango wake. Alipumzika mara tatu, lakini hakutaka nimsaidie. Mama mkwe akaja, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Haukutoa hata sauti.

“Afadhali,” akasema. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Siku ya kuondoka, baba alibeba mfuko wa zana peke yake. Nikamkimbilia hadi nje.

“Baba, umesahau begi!”

“Sijasahau. Mpe mama yako awekee vitambaa vyake.”

Kwa miaka minne sikuwa nimemsikia baba akimwita mtu aliye hai mama yangu.