Sindano na Matoazi

Binti yangu alipoambiwa ana kifua kikuu sugu, swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa kama wodini wanaruhusu redio ya kaseti.

Daktari akanigeukia mimi.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Mjibu mwenyewe, ni mtu mzima huyo."

Alikuwa daktari kijana, mpole, wa kuchagua maneno. Akasema redio haina shida, ila kuna jambo. Matibabu ni vidonge vingi pamoja na sindano za kila siku kwa miezi kadhaa, na dawa iliyomo kwenye sindano ina tabia ya kula masikio. Si kwa kila mtu. Huanza na sauti nyembamba za juu, kama kengele, funguo, ndege, halafu hushuka chini taratibu. Kinachopotea hakirudi. Lakini kikigundulika mapema, dawa huweza kupunguzwa kabla mambo hayajaharibika.

Mtu mwingine angetoka pale anawaza mapafu. Binti yangu alitoka kashika masikio, kila mkono na lake.

Ili aeleweke, niseme kuhusu panki. Mara ya kwanza aliponiambia anapenda panki nilidhani anataka kunyoa nywele kwa mtindo huo. Kumbe ni muziki. Jirani mmoja alikuwa anahama, akamwachia boksi la kaseti zilizomshinda kubeba, na tangu siku hiyo nyumba yangu haikutulia tena. Magitaa yalikoroma kama mashine ya kusaga isiyo na mafuta, na watu wakapiga kelele kana kwamba wamefungiwa nje ya nyumba yao wenyewe.

"Hawa wamegombana?" nilimuuliza siku moja.

"Hapana mama, huo ni wimbo wa mapenzi."

Alikuwa na sheria zake. Alianza kaseti kwa upande wa pili, kwa sababu alisema upande wa kwanza ni wa kuwafurahisha wageni. Mpiga gitaa akianza kupiga peke yake, huku wenzake wanamsubiri, alibonyeza kitufe na kumpitisha: "Huyu anajisifu, haimbi." Bendi ikipata pesa ikanunua vipaza sauti vizuri, kwake ilikuwa imekufa. Alipenda nyimbo zilizorekodiwa stoo, gereji, chooni. Kulikuwa na kikundi kimoja ambacho mpiga dramu wake alichelewa kuingia kwenye ubeti wa pili, kila wimbo, kila kaseti, na binti yangu alimngoja kama unavyomngoja ndugu kituoni. Akiingia, alicheka.

Bendi aliyoipenda kuliko zote iliitwa Kutu. Dada watatu, baba mmoja mama mmoja, walitoa kaseti moja tu, wakaachana kwa ugomvi wa birika. Sijui kama habari ya birika ni kweli, lakini yeye aliisimulia kama mtu aliyekuwepo. Kwenye wimbo wa mwisho wa kaseti ile matoazi hayanyamazi hata kidogo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtu anamwaga misumari juu ya bati. Mimi yalinipa kipandauso. Yeye aliyapiga kwa kidole mezani, akila, akiongea na simu, akichapa fulana kazini kwake, toazi kwa toazi.

Na juu ya yote hayo alitaka mpya. Hilo ndilo lililomweka macho. Kila wiki alikuwa ameibua kikundi kipya mahali fulani, vijana wanne wasiojua kupiga chochote, na alinifuata jikoni na hedfoni mkononi. "Mama, sikia hawa. Hawa ni hatari." Nilisikia. Wote walikuwa sawa kwangu.

Wodini alikaa mpaka makohozi yalipokuwa safi, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani na kwenda kliniki kila asubuhi kuchomwa. Mashine ya kupima masikio ilikuwa imepelekwa kutengenezwa na hakuna aliyejua itarudi lini. Sista wa sindano, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, akatuambia tuwe waangalifu nyumbani. Binti akisikia mlio masikioni au sauti zikipotea, tuseme haraka.

"Mashine ya nini, Sista?" akasema binti yangu. "Mimi nina Kutu."

"Una kutu wapi tena, mama? Nikuletee sabuni?"

Akamweleza. Kila siku akitoka kuchomwa atasikiliza wimbo ule wa matoazi, ambao anaujua kuliko anavyolijua jina lake. Toazi moja likipotea atajua palepale. Sista akaona ni wazo zuri. Hata mimi niliona ni wazo zuri. Kazi yangu ni kukagua ubora kiwandani, tunatengeneza sabuni, na najua thamani ya kuwa na kipande kimoja usichokibadilisha, ambacho vingine vyote unavilinganisha nacho.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Alirudi kutoka kliniki akichechemea, maana sindano zile ziliacha nundu ngumu matakoni hata kukaa ilikuwa taabu. Alilala kifudifudi, akavaa hedfoni, akafumba macho. Kidole kikapiga godoro, ta-ta-ta-ta, bila kukosea. Wimbo ukiisha, dole gumba linapanda juu.

"Salama, bi mkubwa."

Nami kesho yake namwambia sista yuko salama, na sista anachoma.

Alianza kulalamika kwamba chumbani kuna mbu. Nikapuliza dawa, nikashona chandarua kilipotoboka. Mbu akabaki. Alinilaumu kwamba siku hizi nanong'ona, nikamwambia yeye ndiye aliyeziba masikio kwa makelele yake. Tukacheka. Dole gumba lilikuwa linapanda kila siku.

Kisha akaja Nyundo.

Nyundo ni rafiki yake, mwanamke mkubwa mwenye mabega ya mchukuzi, anayepaka magari rangi mchana na kupiga dramu kwenye bendi yake na wenzake siku za mapumziko. Alikuja na kaseti waliyorekodi juzi tu, hakuna mtu nje ya bendi aliyekuwa ameisikia. Alikuwa amenunua matoazi mapya na alikuwa na hamu ya kusifiwa. Tulifungua madirisha yote kama tulivyofundishwa, akakaa pembeni ya kitanda, akabonyeza redio.

Binti yangu alisikiliza akikunja uso. Wimbo ulipoisha akatikisa kichwa.

"Sema," Nyundo akamhimiza. "Usinionee huruma."

"Mmeuharibu."

"Acha!"

"Kweli. Matoazi mmeyaweka wapi? Umebaki mdundo tu, kama watu wanahamisha makochi chumba cha pili."

Nyundo akacheka, akidhani ni utani wao. "Wewe una wivu. Matoazi yamejaa mle mpaka yanakera. Mama, hebu sogea usikilize."

Nikasogea. Akarudisha mwanzo. Ilikuwa kama sufuria zote za nyumba zinaporomoka ngazini.

"Yapo," nikasema.

"Hayapo," akasema binti yangu.

Nyundo hakucheka tena. Mimi nilikuwa na funguo za nyumba mfukoni. Nikapita nyuma ya kitanda kama naenda kufunga pazia, nikazitoa, nikazitingisha karibu na kisogo chake. Nyundo aliziona. Binti yangu aliendelea kumweleza kosa la fundi aliyewarekodi. Nikazitingisha kwa nguvu. Hakugeuka.

"Weka Kutu," nikamwambia Nyundo.

"Kutu naisikia!" Binti yangu alikuwa ameshaanza kuelewa kutokana na sura zetu, na sauti ilimpanda. "Nimeisikiliza leo asubuhi, mama. Kila toazi. Weka, weka uone."

Nyundo akaweka. Kidole kikaanza mara moja, ta-ta-ta-ta, sawasawa na yale yaliyokuwa yakinipasua kichwa. "Si unaona? Haya hapa. Haya hapa."

Redio ile ilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha besi na kingine cha sauti nyembamba. Nyundo alinyoosha mkono taratibu, akakizungusha kile cha pili mpaka mwisho. Matoazi yakafa. Hata mimi sikuyasikia tena, ulibaki mngurumo tu chini chini, kama lori linapita mtaa wa tatu.

Kidole hakikusimama.

"Haya hapa," akasema binti yangu, macho kafumba. "Yako wazi kabisa. Sikilizeni hapa, anapiga mara mbili."

Akafumbua macho, akaona mkono wa Nyundo ulipo. Alikitazama kile kitufe mpaka wimbo ukaisha. Kisha akajigeuza ukutani, na Nyundo akabaki ameshika mguu wake juu ya shuka.

Alikuwa anaujua wimbo mno. Masikio yalipoacha kuleta matoazi, kichwa kiliyaleta chenyewe.

Daktari alitupeleka kwenye hospitali nyingine yenye mashine. Majibu yalipokuja akatuita ofisini, akafunga mlango. Sauti za juu zimekwisha. Za kati zimeanza kuondoka. Akisimamisha sindano leo, zilizobaki huenda zikasalimika, lakini vidonge vya kuziba pengo la sindano havipo nchini na haijulikani vitafika lini. Bila hivyo wala sindano, ugonjwa unaweza kuamka tena, na ukiamka utakuwa mgumu zaidi. Akiendelea mpaka mwisho, uwezekano wa kupona ni mkubwa, ila asitegemee kubaki na masikio.

"Achomwe," nikasema.

"Mama. Masikio ni yangu."

"Na mapafu?"

"Nayo ni yangu."

Daktari aliomba tukae nje tuzungumze. Nje kulikuwa na benchi la saruji kando ya maegesho ya magari ya wagonjwa. Alisimama, mimi nikakaa. Ilibidi niseme kwa sauti, na watu wakawa wanageuka.

"Nataka kuacha," akasema.

"Mjomba wako naye aliacha dawa za kifua."

"Mjomba alikuwa mlevi."

"Hakuwa mlevi alipoacha. Alijisikia nafuu. Na masikio yake yalikuwa mazima mpaka siku ya mwisho. Alisikia kila nilichomwambia kitandani. Alinisikia vizuri sana."

Akafuta pua kwa kiganja. Nilitaka kusimama nimshike, lakini namjua. Ukimshika wakati anafikiri anakasirika.

"Unajua ninachokililia?" akasema. "Si Kutu. Kutu ninayo, umeona mwenyewe, hata ikizimwa ninayo. Nalilia nyimbo ambazo hazijatengenezwa. Kuna mtoto sasa hivi yuko mahali anajifunza kushika gitaa vibaya. Atatoa kaseti. Wote mtaisikia, hata wewe usiyeitaka."

Ningemwambia atazoea, angejua nasema uongo. Ningemwambia maisha ni zaidi ya muziki, asingekuwa na sababu ya kuniamini, maana sijawahi kupenda kitu namna ile.

"Nakutaka ukiwa hai," nikamwambia. "Hayo mengine sina dawa yake."

"Nini?"

Gari la wagonjwa lilikuwa linarudi nyuma. Nikasimama, nikarudia mdomo wangu ukiwa mbele ya macho yake.

Kisha akaingia ndani, hakupitia kwa daktari, akaenda moja kwa moja dirishani kwa sista. Sista hakutania siku ile. Nilimsikia akisema, "Upande gani leo, mama?" na nikamwona binti yangu akimwonyesha kwa kidole upande wenye nundu ndogo.

Wiki zilizofuata Nyundo alikuja kila alipotoka kazini, rangi za magari zikiwa bado kwenye kucha. Alileta kila alichokipata. Kaseti, diski, simu iliyojaa nyimbo alizoombaomba kwa watu. Sharti lilikuwa moja, kwamba binti yangu awe hajawahi kuusikia wimbo huo. Za zamani aliziweka kando, hakuzigusa. Walisikiliza kama watu wanaotoa vyombo kwenye nyumba inayoungua, hawachagui, wanabeba tu. Nilizoea kupika huku wanabishana, yeye akisema kwa sauti ya juu mno bila kujua, "Huyu wa besi ni muuaji!" Kisha akawa anasema kuhusu besi tu. Kisha akawa anauliza wanaimba kwa lugha gani, na wimbo ni wa lugha yetu.

Jioni moja niliwapelekea chai. Wimbo ulikuwa unaendelea, spika zimefunguliwa mpaka mwisho, vijiko vinatetemeka kwenye sinia. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa anasubiri. Akasubiri. Akainua macho kwa Nyundo.

"Umeisha?"

Mwimbaji alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Nyundo akanitazama.

Nikaweka sinia chini. Nikamtikisia binti yangu kichwa. Bado.

Akaelewa. Nilimwona akielewa, kuanzia machoni mpaka mabegani. Halafu akakaa vizuri, akaweka mikono mapajani na kuinamisha kichwa tena kama mtu anayesikiliza, wala hakusogea mpaka Nyundo alipoinua mkono kumwonyesha kwamba sasa wamemaliza.

"Weka mwingine," akasema.

Nyundo akaweka mwingine.