Ndiyo ya Bibi wa Kitanda cha Sita

Nafagia wodi ya wanawake mwaka wa tisa sasa, Mungu ni mwema. Asubuhi hiyo nilikuwa napiga deki chini ya kitanda cha sita, kwa bibi mmoja aliyeharibika mguu kwa kidonda. Walitaka kuukata.

"Mama, umekubali tukupeleke upasuaji?" daktari aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu."

"Si umesikia?" akadakia mwanawe, fundi magari aliyekulia mjini kwa Kiswahili kitupu. "Leta wino aweke dole gumba."

Mimi bibi yule nilikuwa nimemsikiliza siku tatu. Nesi akimwuliza kama ana njaa, ndiyo. Kama ameshiba, ndiyo. Kiswahili chake kilikuwa neno hilo moja tu la heshima. Akibaki peke yake alinung'unika kwa lugha ya kwetu, na huko alikuwa mkali kama pilipili.

Lugha hiyo sikuwa nimeitamka tangu nimzike mume wangu. Nyumbani ilikuwa yetu wawili tu. Baada ya mazishi niliisema mara moja, jikoni, peke yangu, na nikajibiwa kwa sauti yake. Sikurudia.

Lakini wino ulikuwa umeshafika.

Nikaegemeza mopu ukutani, nikamwinamia bibi, nikamwuliza kwa lugha yetu kama anajua wanataka kumkata mguu. Akanidaka mkono. Maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Anasema hapana," nikamwambia daktari. "Atakwenda kwa Mola wake na miguu yote miwili. Na mwanawe aache kumharakisha kama abiria."

"We mama, nani kakuuliza?" fundi akafoka.

"Hakuna, baba. Na yeye pia hamkumwuliza."

Daktari akaikunja karatasi ya idhini bila dole gumba.

Nilitaka kurudi kwenye ndoo yangu, bibi hakuniachia. Akaniuliza mimi ni mke wa nani. Kwa Kiswahili ningemjibu papo hapo kwamba ni mjane. Lakini kwa lugha yetu mdomo ulimtaja mume wangu kama mtu aliyetoka kwenda kazini, ukasema hataki sukari nyingi kwenye chai. Bibi akaitikia kwa kichwa, akatazama juu ya bega langu, akamsalimu mtu.

Nyuma yangu mtu akacheka kidogo, kicheko ninachokijua.

Sikugeuka. Nilianza kusali, na sala zote zikatoka kwa lugha ile.